Dakika Hamsini za Karani

Kazi yangu ni kufungua kompyuta za watu, na kazi hiyo imenifundisha kutokula nyumbani kwa mtu yeyote niliyewahi kumtengenezea laptop. Chini ya vitufe nimekuta kucha, nywele, mba, maganda ya karanga, mende waliohamia na familia zao, na mara moja jino la mtoto. Mtu anakuja amejipulizia manukato mpaka mtaa mzima unajua kafika, anakuwekea mezani kitu ambacho ukikiinamisha kinamwaga makombo ya miaka mitatu, halafu anauliza kwa nini kinapata joto. Huwa navaa glavu na kunyamaza. Mficha uchi hazai, lakini wateja wangu wanaficha hata mbele ya fundi.

Ninayemsimulia hapa si mteja. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, karani wa mahakama ndogo ya mtaa wetu. Amekikalia kiti kile miaka ishirini na miwili. Kazini wanamwita Vidole, kwa sababu humaliza kuandika neno la mtu kabla mwenyewe hajameza mate. Nyumbani anasahau sufuria jikoni mpaka inanuka. Akikaa mbele ya vitufe hakosei herufi. Ana ugonjwa mmoja tu, nao ni woga wa wakubwa. Akiona tai shingoni mwa mtu, hata awe muuza bima aliyepotea njia, anasimama.

Miaka miwili iliyopita ulishuka waraka kutoka juu: mwenendo wa kila shauri uandikwe kwa mashine, si kwa mkono tena. Mahakama ya wifi ikapewa laptop moja kuukuu iliyokuwa imetupwa na ofisi nyingine, ukiiwasha unaweza kwenda sokoni ukarudi haijaamka. Wifi akaniletea. Nikafuta kila kitu nikaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na juu yake sura nyepesi kuliko zote ninazozijua: mstari mmoja chini ya skrini, saa, menyu, basi. Ikawa inaamka kwa sekunde ishirini. Wifi akanikumbatia, nami nikatembea mtaani siku hiyo kama mtu aliyefufua maiti.

Sasa, chumba chao cha kusikilizia mashauri zamani kilikuwa stoo. Kina soketi moja tu, nayo iliungua, imebaki tundu jeusi ukutani. Barua ya kuomba fundi umeme ilishaandikwa, ikajibiwa kwamba suala lipo kwenye mpango, na sote tunajua mpango ni mahali ambapo barua huenda kuzikwa. Kwa hiyo laptop huchajiwa masjala alfajiri, kwenye soketi inayogombaniwa na birika na mashine ya fotokopi, kisha wifi huibeba kifuani hadi chumbani. Baada ya hapo, uhai wa mahakama uko kwenye betri. Hakimu amejijengea mtindo wake: kila baada ya robo saa anainua macho na kuuliza, "Karani, betri?" Wifi anataja asilimia. Ikishuka chini ya kumi na tano, hakimu anafunga jalada na kusema shauri limeahirishwa. Tarehe mpya huwa baada ya wiki sita, wakati mwingine zaidi.

Mwanzoni betri ilidumu saa mbili na nusu. Baadaye saa moja na nusu. Mwaka huu ikawa dakika hamsini, na wifi akaanza kuja kibandani kwangu Jumamosi na uso uliovimba.

"Wifi, kuna mwanamke ananiangalia," akaniambia.

"Anakuangaliaje?"

"Ananiangalia tu. Hanitukani, hanisemi. Shauri lake limeahirishwa mara mbili, betri imefia mikononi mwangu. Bora angenitukana."

Mwanamke huyo ni mshonaji, anashona mashuka ya hospitali. Alimuuguza mama yake miaka saba katika nyumba ya vyumba vitatu, mpaka mama akafariki. Arobaini haijaisha, kaka yake akatokea alikokuwa, akasema nyumba ni yake kwa kuwa ndiye mkubwa, na dada atafute pa kwenda. Karatasi hakuna. Kuna wosia wa mdomo tu, na mtu wa nje aliyeusikia ni mmoja tu, mzee mwashi aliyejenga vyumba vya nyuma. Mzee ana miaka themanini na kitu, na kila tarehe mshonaji humleta akiwa amemshika mkono hadi kwenye benchi la korido. Hakimu alishatamka wazi: shahidi huyu akisema, kuna kesi; asiposema, mshonaji anatoka.

"Na mara zote mbili alikuja?" nikauliza.

"Alikuja. Alikaa kwenye benchi mpaka tukaahirisha, akarudi kwao."

Nikaichukua mashine nikaigeuza. Sitasahau nilichokiona, ingawa ningependa. Kwenye feni kulikuwa na tandabui la vumbi na nywele lililoshikana kama sweta. Ndani yake mende mmoja mzima amekauka, miguu juu, na vipande vya biskuti za ofisini vilivyoota ukungu wa kijani. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu akasema biskuti si zake, ni za karani wa masjala. Nikamwambia mende je, naye ni wa masjala?

Nilisafisha, nikaweka gundi mpya ya kupoza joto, kisha nikauliza swali ambalo kila fundi mvivu hulikwepa: je, betri yenyewe ni mgonjwa? Linux haina siri kwa anayejua kuiuliza. Nikaandika amri moja, ikanijibu kwamba betri bado inabeba asilimia themanini na tatu ya ilichokuwa inabeba ikiwa mpya. Betri ilikuwa nzima. Watu wa mahakama waliokuwa wanaomba betri mpya kwa mwaka mzima walikuwa wanamsingizia asiye na hatia. Nikafungua programu inayoonyesha umeme unavyotoka, nikaona mashine imekaa mezani haifanyi lolote na inakula wati ishirini na moja. Kwa umbo lake ilipaswa kula saba au nane.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikatafuta nani anakula, nikajikuta. Miaka miwili nyuma, wifi alilalamika kwamba herufi zinachelewa kutokea, nami kwa haraka zangu nikauamuru moyo wa kompyuta ukimbie kwa kasi ya juu kabisa muda wote, usipumzike. Nikazuia na skrini isififie, ili isimzimikie mtu katikati ya ushahidi. Halafu nikasahau. Tena zile sura nzito za kompyuta, ambazo mimi huzicheka, huja na mtunza umeme wake ndani. Hii nyepesi yangu haikuja naye, na mimi sikumweka. Nilidhani kwa kuwa ni nyepesi basi inakula kidogo. Mtu mwembamba naye anaweza kumaliza sufuria peke yake. Nilijichukia kwa dakika kadhaa, na nilistahili.

Nikaweka mtunza umeme, nikaruhusu mashine ipumzike isipokuwa na kazi, nikapunguza mwanga wa skrini, nikazima kamera na bluutuuthi. Nikazima na wifi ya mashine, kwa kuwa kule mahakamani hakuna intaneti na antena ilikuwa inaita bure kutwa nzima. Wifi yangu aliposikia hivyo akasema, "Mradi hujanizima mimi." Nikapima tena: wati nane na nusu. Nikaiacha imewashwa mezani bila waya, tukapika, tukala, tukagombana kuhusu kaka yangu, na ilikuwa bado hai. Ilidumu saa nne kasoro dakika kumi. Wifi akaondoka anaimba.

Wiki iliyofuata alirudi bila wimbo. Tarehe ya tatu ya mshonaji, betri ilifika saa moja na dakika ishirini, ikaanguka. Wakili wa yule kaka alikuwa bado anazungumza, na mzee mwashi hakuwa ameitwa hata jina.

"Haiwezekani," nikasema.

"Imewezekana, wifi. Hakimu kaniambia nikamwambie fundi wangu arudi shule."

Hapo damu ilinichemka. Naweza kuvumilia mende, siwezi kuvumilia kuambiwa nirudi shule. Niliipima tena mbele yake, ikala wati nane na nusu, mtiifu kabisa. Nyumbani saa nne, mahakamani saa moja na dakika ishirini. Ugonjwa unaotokea mahali pamoja tu hautibiwi mahali pengine. Nikamwambia tarehe ya nne nitakuja mwenyewe, nikae nyuma na raia.

"Usije ukasema kitu mle ndani," akaniomba.

"Nitakaa kama shuka lililokunjwa."

Siku hiyo nilifika mapema. Korido ilikuwa na harufu ya mkojo na karatasi za zamani, na mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa waya. Kwenye benchi alikaa mzee mwashi, shati jeupe limenyooshwa, fimbo katikati ya magoti, mikono mipana yenye nyufa ambamo saruji haijatoka mpaka leo. Mshonaji alikuwa amekwenda kumtafutia maji. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanisogezea nafasi, na kwa kuwa alikuwa amekuja na maneno yake na hakuna aliyekuwa anayataka, akanipa mimi.

"Ilikuwa Alhamisi," akasema. "Mvua ilinyesha asubuhi, mchanga ulikuwa umelowa. Nilikuwa naweka fremu ya dirisha la chumba cha nyuma. Mama yao kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mchele. Watoto wote wawili wapo. Akasema, nyumba hii, mbele na nyuma, ni ya binti, kwa sababu ndiye aliyebaki na mimi. Yule kijana akasema, sawa mama, mimi nina kwangu. Nami nikamwambia kijana, njoo unishikie fremu, nitie timazi. Akaja akanishikia. Kwa hiyo alikuwepo. Asije akasema hakuwepo, mikono yake ilikuwa karibu na yangu hivi."

Akanionyesha kwa kunishika viganja. Maneno yalitoka yamepangwa, tofali juu ya tofali, bila kupinda. Nikafikiri, mzee huyu akisimama mle ndani dakika tano tu, kesi imekwisha.

Tukaingia. Hakimu alikalia kiti chake saa tatu kamili, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Mlinzi wa mlangoni akatangaza kwamba simu zote zizimwe, kiti hakitaki kelele, na raia wakazima. Kisha nikaona jambo ambalo wifi hakuwahi kunitajia kwa miaka miwili. Hakimu akatoa simu yake, akatoa na ya pili, akanyoosha mkono kwa wifi bila kumtazama: "Karani, nitunzie." Wakili wa yule kaka akainuka akaleta yake. Karani wa masjala, yule wa biskuti, akapenyeza yake kupitia mlangoni. Mlinzi naye akaja akachuchumaa kama anafunga kamba ya kiatu, akaacha yake. Wifi akazipokea zote kwa mikono miwili, akainama chini ya meza.

Nikainama na mimi. Chini ya meza kulikuwa na kigawanyio cha USB kimefungwa kwa plasta kwenye mguu wa meza, na waya tano zimening'inia zinang'aa kwa mafuta ya vidole. Simu tano zikachomekwa ubavuni mwa laptop. Zilikuwa zinanyonya.

Nilijisikia vibaya kuliko siku ya yule mende. Mende alikuwa na njaa tu. Hawa walikuwa watu wazima, wamepiga pasi nguo zao, wanainyonya mashine mpaka inakufa, halafu wanamwambia bibi wa watu arudi baada ya wiki sita kwa sababu mashine imekufa. Na mbele yao yule mwanamke wa mashuka ameketi mikono juu ya magoti, simu yake ameizima kama alivyoamriwa.

Wakili wa yule kaka wanamwita Bwana Tarehe, kwa kuwa hajawahi kushinda kesi kwa hoja. Hushinda kwa kalenda. Alisimama akaleta pingamizi kuhusu tahajia ya jina kwenye jalada. Akalizungusha. Akanywa maji. Akaomba aeleze historia ya pingamizi lenyewe. Kila mara hakimu alipouliza, "Karani, betri?" na wifi akataja namba, Bwana Tarehe alitazama saa yake na kuendelea, na nikaona anapima maneno yake kwa asilimia kama mtu anayepima nguo kwa futi. Arobaini na moja. Thelathini na mbili. Ishirini na mbili. Hapo akakaa, pingamizi likatupwa, na mzee mwashi akaitwa. Alitembea taratibu. Alisimama, akainua mkono wa kulia, akaanza kula kiapo kwa sauti iliyojaza chumba.

"Karani, betri?"

"Kumi na tatu, mheshimiwa."

"Mzee, kaa chini. Tunakushukuru kwa kuja. Shauri limeahirishwa."

Ilikuwa saa nne na nusu ya asubuhi. Mzee alibaki na mkono wake juu kwa muda, kisha akaushusha. Wifi alichomoa simu akazirudisha kwa wenyewe, na hakimu akaitazama yake akamwambia wakili, "Mia kwa mia," wakacheka wote wawili. Tarehe ilipangwa baada ya miezi minne, kwa kuwa hakimu alikuwa anakwenda mafunzoni na baadaye likizo.

Nilimkamata wifi kwenye ngazi za nyuma.

"Ulijua?"

"Wifi, punguza sauti."

"Nakuuliza, ulijua kwamba simu ndizo zinazokula betri?"

Akatazama viatu vyake. "Nilihisi."

"Ukaniacha nisafishe mende kwa ajili ya kitu unachokijua."

"Nani atamwambia hakimu achukue simu yake? Mimi? Nina miaka mitatu nistaafu. Wewe una kibanda chako, humwamkii mtu."

Ningemwelewa kama angeishia hapo. Woga wake naujua, nimeuzoea kama watu wanavyozoea kikohozi cha jirani. Lakini wifi yangu si mwongo, na ukimbana anatoa yote.

"Na tena," akasema, "tukiahirisha mapema naenda nyumbani. Navua viatu, nalala. Miaka ishirini sijawahi kulala mchana, wifi. Nikaona si vibaya. Kila mtu alikuwa anaona si vibaya."

Nilishuka ngazi nikatema mate kwenye majani, na kusema kweli sikujua namtemea nani. Hakimu anapenda kwenda nyumbani, wakili anapenda tarehe, masjala wanapenda simu zenye chaji, karani anapenda usingizi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekula njama. Hawakuhitaji. Betri mbovu ilikuwa imewafaa wote, kasoro mwanamke mmoja na mzee mmoja, na hao hawaulizwi.

Siku tatu hatukusemeshana. Kaka yangu, ambaye hutengeneza friji na hapendi joto la aina yoyote, alikuwa anapeleka salamu huku na huku. Siku ya nne wifi alikuja kibandani mwenyewe, akaweka laptop mezani, akakaa kwenye kigoda.

"Fanya unachoweza kufanya nisiseme mimi," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wake, na nililipokea. Nilichanganya gundi ngumu, ile ya kuunganishia chuma, nikajaza matundu yote ya USB mpaka juu, nikafuta pembeni kwa kitambaa. Nikamwonyesha jinsi ya kupeleka mwenendo masjala kwa waya wa mtandao, kompyuta kwa kompyuta, badala ya flashi. Nilifanya uharibifu huo wa mali ya umma kwa raha ambayo sijaipata kwenye kazi nyingine. Nikamfundisha na jibu: mashine haichaji simu tena, mheshimiwa, fundi anasema ndivyo ilivyo. Alilirudia mara nyingi kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekariri shairi la shule.

Hakimu aliporudi kutoka likizo, alinyoosha mkono na simu zake mbili kama kawaida. Wifi alisimama, maana lazima asimame, akasema jibu lake lote bila kukosea. Hakimu akafyonya. Bwana Tarehe akaja akachungulia matundu kwa macho yake. Ukurasa mzima wa maneno yao siku hiyo haukuingia kwenye mwenendo, lakini wifi aliunakili pembeni, akaniletea nyumbani akausoma kwa sauti zao, na tulicheka mpaka kaka akaja kuuliza kuna nini. Wiki hiyo mashauri manne yalisikilizwa mpaka mwisho. Wifi alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, miguu imevimba. Nilimheshimu, nikamwambia, akasema nimwekee maji ya moto na niache maneno.

Tarehe ya tano ya mshonaji nilikuwepo. Sikuwa na kazi pale. Nilitaka kumsikia mzee akijenga ule ukuta wake mbele ya watu.

Mshonaji alimleta kama siku zote, amemshika mkono, ila safari hii alimshika na kiuno. Mzee alikuwa amekonda. Mwezi wa pili wa kusubiri alikuwa ameugua homa akalazwa, na mshonaji aliniambia kwenye korido kwamba tangu hapo anachanganya siku. "Lakini asubuhi huwa mzima," akasema haraka. "Asubuhi anajua kila kitu." Nilimsalimia mzee. Akaitikia kwa adabu ya mtu anayemsalimia mgeni.

Bwana Tarehe alijaribu pingamizi, likadumu dakika kumi na mbili na kuisha, kwa kuwa safari hii hakukuwa na betri inayokufa ya kusubiri. Mzee akaitwa. Kiapo alikila chote, kwa sauti ileile. Mshonaji hana wakili, hivyo aliuliza mwenyewe, amesimama wima, karatasi ya maswali mkononi.

"Baba, uliijenga nyumba ya mama yangu?"

"Nimejenga nyumba nyingi, mwanangu."

"Ile ya karibu na kisima."

"Kisima tulikichimba na kaka yangu. Yeye alikuwa chini, mimi juu na kamba."

"Siku ile unaweka dirisha la chumba cha nyuma. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo. Mama alisema nini?"

Bwana Tarehe akanyanyuka kupinga kwamba anamtia shahidi maneno mdomoni. Hakimu akamkubalia, kisha akamgeukia mzee kwa ule upole wake: je, anakumbuka mama alisema nini? Mzee alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena. Vitufe vya wifi vikasimama.

"Mama alisema nisichelewe kurudi," akasema. "Nami nilichelewa. Alikuwa analia mlangoni."

"Mama yangu mimi, baba," mshonaji akasema.

"Ndiyo, mama," mzee akamwitikia.

Wifi aliandika. Hiyo ndiyo kazi ya karani: anaandika kilichosemwa, si kilichokuwa kweli. Maneno yenyewe nilikuwa nayo mimi, kichwani, mpaka mchele na timazi, na wifi alikuwa nayo kwa kuwa nilimsimulia, na hayakuwa na faida, sisi si mashahidi. Alimaliza sentensi akanitazama kutoka mbele ya chumba. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayekula naye. Bwana Tarehe akasema hana swali kwa shahidi, na hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Hakimu akatangaza siku ya hukumu. Hukumu ilikuwa ileile ambayo kila mtu aliyekuwa mle aliijua, na mshonaji sasa amepanga chumba kimoja nyuma ya karakana, cherehani iko kitandani kwa kukosa nafasi.

Siku ile ya ushahidi, baada ya kikao, nilitoka nikamkuta mzee ameketi kwenye benchi. Mshonaji alikuwa amesimama pembeni yake akikunja ile karatasi ya maswali ndogo, ndogo zaidi. Wifi akatoka na laptop kwapani. Mzee alipomwona uso ulimfunguka, maana huyu alimkumbuka.

"Mama karani," akamwita. "Imezima tena?"

Mshonaji aligeukia ukuta. Wifi alisimama katikati ya korido na mashine yake yenye asilimia themanini na moja, niliiona mwenyewe kwenye skrini kabla ya kutoka. Watu walikuwa wanampita huku na huku.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Imezima."

"Poleni sana. Msimgombeze fundi." Akajiegemeza kwenye fimbo, akaanza kunyanyuka. "Mimi nitakuja tena. Maneno yote ninayo."

Wifi akanipa laptop, akamshika mzee mkono, wakaanza kushuka ngazi.